Shajara ya mradi: kutafuta kinachoiyumbisha pikipiki ya kaka

Jumamosi asubuhi, kabla ya spana

Pikipiki ya kaka yangu iko mikononi mwangu tangu jana jioni. Ni ya cc 150, magurudumu ya spoki ya inchi 18 mbele na nyuma, breki ya diski mbele na ya dramu nyuma, shokapu mbili, na keria yenye sanduku. Malalamiko nimeyaandika kama alivyoyasema mwenyewe: "Mdogo wangu, ikikaribia sitini nikiachia mafuta, usukani unatetemeka. Nikibeba mzigo, kwenye kona ndefu nyuma inaogelea. Halafu siku zote inapenda kushoto."

Nikamuuliza: "Kaka, huo usukani unatetemeka ukiwa umeukamata au ukiwa umeulegeza?"

"Nikiulegeza. Nikiukamata unatulia."

"Na nyuma inapoogelea, ukipunguza mafuta inatulia?"

"Inatulia, lakini taratibu."

Majibu hayo mawili yananifaa kuliko saa nzima ya kufungua nati. Ameshapita kwa mafundi wawili. Mmoja alisema ni koni, zile beringi za shingo ya usukani, akazikaza. Mwingine alisema ni tairi. Kwa alivyonieleza, hakuna aliyeiendesha kabla ya kutoa jibu, na hapo ndipo ugonjwa wa pikipiki unapopotea. Ukishalegeza bolti kumi na kuzikaza upya, huwezi tena kujua ipi ilikuwa imelegea.

Nimeiendesha mwenyewe kwenye barabara iliyonyooka, tupu, yenye lami nzuri, nikiwa na kofia ngumu na glavu. Mikono nimeilegeza tu, viganja vikiwa bado vinagusa hendeli. Kuachia usukani kabisa ili "kuona" ni kujitakia anguko, na hakuongezi chochote kwenye uchunguzi. Kila safari nimeandika kasi, mzigo, mafuta wazi au yameachiwa, na hali ya barabara.

Usukani unaanza kutetemeka nikiteremka kutoka kwenye kilomita 65 kwa saa, unafikia kilele kwenye 60, na ukifika 50 umekwisha. Ni haraka mno kuhesabu kwa macho, kwa hiyo nilifunga simu kwenye tangi ikachukua video, nikaitazama polepole: karibu mara 9 kwa sekunde. Ile ya nyuma ni kitu kingine kabisa. Inakuja kwenye 80 nikiwa na kilo 20 ndani ya sanduku, inaenda taratibu, mara 2 au 3 kwa sekunde, na pikipiki nzima inahusika: nyuma inatupa kushoto na kulia, mwili unalala na kuinuka nayo. Kuvuta kushoto kupo kwa kasi yoyote, kidogo, lakini hakukosi.

Hii tofauti ndiyo msingi wa kazi yote itakayofuata. Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza Robin Sharp alichapisha hesabu za mwendo wa pikipiki zilizotenganisha tabia tatu: ya kuanguka upande polepole, ambayo dereva huizuia bila hata kufikiri, ya kuyumba kwa pikipiki nzima, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, inayokua kadiri kasi inavyopanda, na ya kutikisika kwa sehemu ya mbele peke yake kuzunguka shingo ya usukani, haraka zaidi, kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde. Ya kaka ina zote mbili za mwisho. Kwa hiyo ninatafuta angalau visababishi viwili, na kila badiliko nitalijaribu barabarani kabla ya kugusa kingine.

Jumamosi mchana, upepo na mzigo

Nimepima upepo tairi zikiwa baridi, maana tairi iliyotoka safarini inadanganya geji. Mbele kuna psi 18, na kibandiko kilichopo kwenye pikipiki kinataka 25. Nyuma kuna 24, kinataka 33 kwa watu wawili au mzigo. Nimejaza kama kilivyoandika, sikugusa kingine, nikarudi barabarani kwa kasi zilezile.

Myumbo wa nyuma umepungua nguvu, na sasa unaanza karibu na 85 badala ya 80. Tairi yenye upepo mdogo inapinda pembeni, inachelewa kurudi, na kule kuchelewa ndiko kunakoulisha myumbo. Mtikisiko wa mbele haukubadilika vya kutosha kuandika.

Kisha nikatoa sanduku. Myumbo ukapungua tena. Hesabu yake ni rahisi, na ningependa kila anayebeba mizigo aifanye mwenyewe. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna milimita 1300. Katikati ya sanduku kumekaa milimita 300 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 20 zilizowekwa hapo zinaiondolea tairi ya mbele 20 × 300 ÷ 1300, yaani zaidi kidogo ya kilo 4.5, na wakati huohuo zinaiongezea nyuma karibu kilo 25. Mbele ikiwa nyepesi, inakosa neno la kusema kwenye kona. Mzigo uleule ukifungwa kwenye kiti, mbele ya ekseli ya nyuma, hauondoi kitu mbele.

Lakini sanduku linazidisha tu. Pikipiki isiyo na hitilafu haitakiwi kuogelea kwa kilo 20. Kuna ulegevu mahali.

Jumapili, shingo

Ninaanza na koni, kwa kuwa ndizo zilizotajwa na ndizo rahisi kuziondolea shaka. Stendi ya kati, jeki chini ya injini, gurudumu la mbele hewani.

Jaribio la kwanza: kushika chini miguu ya foki, yale mabomba mawili yanayobeba gurudumu la mbele, karibu na ekseli, kuvuta na kusukuma mbele na nyuma. Inagonga kidogo. Kabla ya kusema ni koni, nimeweka kidole kwenye ufa ulio kati ya kibano cha chini na shingo ya fremu, nikamwomba kaka avute. Kidole kinasikia mwendo, kwa hiyo koni zinacheza kweli. Kama kidole kisingesikia kitu, ningetafuta ulegevu ndani ya foki zenyewe, pale bomba linapoteleza. Wengi hupima kwa kushika breki ya mbele na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma. Siipendi njia hiyo peke yake, maana inachanganya koni, foki na pedi za breki katika kugonga kumoja.

Jaribio la pili: kuzungusha usukani polepole mno, kwa ncha ya kidole, kutoka kona hadi kona. Ninatafuta kishimo katikati. Pikipiki hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikienda moja kwa moja, kwa hiyo gololi hukaa palepale na kila shimo la barabara huzigongesha kwenye koni hadi zichimbe vikalio. Usukani wenye vikalio hukataa kufanya marekebisho madogo. Pikipiki inatembea kwa kupindapinda, dereva anairudisha bila kukoma. Hapa hakuna kishimo. Unateleza vizuri.

Nimelegeza bolti za kibano cha juu na nati kubwa ya juu, nikaikaza nati ya chini yenye meno huku nikizungusha usukani huku na huku ili gololi zikae, kisha nikairudisha taratibu. Ninachotaka ni hiki: hakuna kugonga hata kidogo, na gurudumu likiachiwa katikati likisukumwa kwa kidole linaanguka lenyewe hadi mwisho, kushoto na kulia sawasawa. Nikaikaza nati ya juu, nikapima upya, kwa sababu nati ya juu ikikazwa huibana ya chini na kubadilisha kila kitu. Ilibidi niirudie. Nimehakikisha pia waya na kebo hazivuti upande mmoja.

Koni zilizokazwa kupita kiasi ni hatari yake yenyewe. Kwa kasi ndogo pikipiki inapepesuka, na mtu anadhani ni mizani yake imeharibika.

Barabarani: mtikisiko umehama. Kilele sasa kiko 63, na umepungua labda theluthi. Kwa hiyo koni zilikuwa zinauachia nafasi, lakini kuna kitu kingine kinachousukuma.

Jumatatu jioni, gurudumu la mbele

Jana usiku nilifanya hesabu iliyonionyesha pa kwenda. Nimechora alama ya chaki kwenye tairi ya mbele na sakafuni, nikaisukuma pikipiki mzunguko mmoja: mita 1.86. Kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Gawanya, unapata mizunguko 9 kwa sekunde. Na simu ilihesabu mitikisiko 9 kwa sekunde. Gurudumu linasukuma usukani mara moja kila linapozunguka, na kwenye kasi hiyo msukumo unaangukia mdundo ambao sehemu ya mbele inaupenda yenyewe. Chini ya 50 midundo hailingani, mtikisiko unakufa. Nimefurahi sana kuona namba hizi zikikutana, kwa sababu sasa ninajua ninatafuta kitu kinachozunguka.

Kwanza beringi za gurudumu: kushika tairi juu na chini, kusukuma kwa kupishana. Kimya. Kulizungusha mkono ukiwa kwenye mguu wa foki: hakuna mkwaruzo. Ziko salama.

Kisha rimu. Nimefunga kipande cha waya mgumu kwenye foki, ncha ikikaribia ukingo wa rimu, nikazungusha. Inatupa milimita 3 pembeni. Vitabu vingi vya ufundi vya pikipiki huweka ukomo wa milimita 2, pembeni na juu-chini. Nikagonga spoki moja baada ya nyingine kwa spana ndogo: nyingi zinalia kwa sauti ya juu, chache upande mmoja zinatoa sauti butu. Hizo ndizo zilizolegea, na ziko palepale rimu inapotupa.

Kunyoosha rimu ni kazi ya subira. Robo mzunguko wa nati ya spoki kwa wakati, ukikaza upande mmoja ulegeze upande wa pili, na kila baada ya hatua mbili tatu uzungushe utazame. Anayekaza nusu mzunguko kwa haraka hutengeneza yai: pembeni panakaa, juu-chini panaharibika. Nimemaliza ikitupa chini ya milimita moja pande zote.

Tairi yenyewe ilikuwa na jambo. Ubavuni, karibu na rimu, kila tairi ina mstari mwembamba unaozunguka, na unapaswa kuwa umbali uleule kutoka kwenye ukingo wa rimu pande zote. Hapa mahali pamoja mstari ulizama na kutoonekana. Tairi haikuwa imekaa vizuri tangu ilipofungwa. Nikatoa upepo, nikapaka maji ya sabuni, nikajaza hadi ikaruka na kukaa, kisha nikashusha upepo hadi 25. Mstari sasa uko sawa.

Mizani: gurudumu likiwa huru, pedi hazigusi, nililizungusha kidogo na kuliacha lisimame. Mara kwa mara lilisimama sehemu ileile chini. Nimefunga vipande vya risasi kwenye spoki za upande wa pili, gramu chache kwa wakati, hadi likawa linasimama popote.

Kuna kitu sikuweza kukitibu. Mashavu ya tairi yamelika kwa mabonde, kilima na bonde, kilima na bonde. Hiyo hutokea tairi ikikimbia muda mrefu na upepo mdogo au foki zisizozuia vizuri. Tairi hiyo itabadilishwa, lakini sitaki kuibadilisha leo, maana nikiibadilisha leo sitajua kazi ya rimu ilifanya nini.

Barabarani: mtikisiko umebaki kama mnong'ono kwenye viganja. Kaka ameiendesha akasema umekwisha. Mimi bado ninausikia.

Alhamisi jioni, mkono wa nyuma

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu siku ya kwanza.

Watu wengi husikia tatizo mikononi wakaenda mbele moja kwa moja. Lakini usukani ni mahali ambapo dereva husikilizia. Kinachosemwa pale kinaweza kuwa kimeanzia popote. Gurudumu la nyuma likipinda nusu digrii tu kuelekea kushoto, pikipiki inageuzwa na nyuma, na mikono inapokea habari hiyo kana kwamba mbele ndiko kumekosea.

Nimeinua nyuma, nikashika tairi kwa nyuma na kuisukuma kushoto na kulia. Inacheza. Sasa kuna watuhumiwa wawili: beringi za gurudumu na bushi za mkono wa nyuma, ule unaolishika gurudumu na kupanda na kushuka nalo. Kidole gumba kwenye ufa kati ya mkono na fremu, pale bolti ndefu inapopita, na mwendo uko pale. Ili kumaliza ubishi nimetoa mnyororo, gurudumu na ncha za chini za shokapu, mkono ukabaki unaning'inia peke yake. Juu na chini unakwenda laini. Kushoto na kulia, kwenye ncha ya ekseli, unasogea milimita 5.

Milimita 5! Bushi mbili zimeachana milimita 180, na kutoka kwenye bolti hadi ekseli kuna milimita 450. Kila milimita ya ulegevu kwenye bushi inazaa milimita 2.5 kwenye ekseli. Bushi hizi zimepoteza kama milimita 2 kwa jumla, na kwa macho bado zinaonekana nzima. Ndiyo sababu hakuna aliyeziona. Hazivuji, hazipigi kelele, hazitoi mafuta. Zinalegea tu, mwaka baada ya mwaka, na dereva anazizoea.

Na hapa malalamiko ya kaka yanajieleza yenyewe. Kwenye kona ndefu na mzigo, tairi ya nyuma inasukumwa pembeni, mkono unakwenda hadi mwisho wa ulegevu, unagota, unarudi, unapita upande wa pili. Mara mbili au tatu kwa sekunde. Akipunguza mafuta, mvutano wa mnyororo unapungua na kasi inashuka, inatulia taratibu.

Bolti ndefu ilikuwa imekwama kwa kutu ndani ya bomba la bushi. Nimeinyunyizia mafuta ya kulegeza, nikaiacha ilale usiku kucha, nikaigonga asubuhi nikiwa nimeacha nati kwenye ncha ili nisiharibu nyuzi. Ilitoka ikiwa nyekundu. Bushi ni za raba iliyogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, na ya kulia raba yake imechanika mzunguko karibu wote.

Kuzitoa nimetumia bolti ndefu yenye nyuzi, washa nene na soketi mbili: moja ndogo ya kusukuma, moja kubwa ya kupokea. Unakaza, bushi inatoka polepole bila nyundo. Nyundo hupindisha mkono, na mkono uliopinda hautibiki kwa bushi mpya. Kabla ya kuingiza mpya nimekagua mishono yote ya kuchomelea kwenye mkono na kwenye fremu karibu na bolti, kwa tochi na kitambaa, nikitafuta ufa. Hakuna.

Jambo moja la bushi za raba ambalo husahaulika: bolti yake isikazwe nyuma ikiwa inaning'inia. Bomba la ndani hubanwa na bolti likashikamana na fremu, na raba ndiyo inayojipinda mkono unapopanda na kushuka. Ukiikaza mkono ukiwa chini kabisa, raba itaishi imejipinda tangu siku ya kwanza na itachanika mapema. Kwa hiyo nimerudisha shokapu na gurudumu, nikashusha pikipiki chini, kaka akakaa kwenye kiti, ndipo nikakaza hadi mwisho.

Nimesukuma tairi pembeni kwa nguvu zangu zote. Haisogei.

Jumamosi, mstari

Gurudumu limetoka na kurudi, kwa hiyo mstari lazima upimwe upya. Alama zilizochorwa kwenye mkono kwa ajili ya kurekebisha mnyororo zinaonyesha usawa kamili pande zote mbili. Siziamini. Nyingi hupigwa bila uangalifu kiwandani, na baada ya miaka hazisomeki.

Nimetumia uzi. Unaufunga nyuma ya tairi ya nyuma, unaupitisha pande zote mbili kuelekea mbele, juu kadiri unavyoweza bila kugusa stendi wala eksozi, unaufunga kwenye vizuizi viwili mbele ya pikipiki. Kisha unasogeza vizuizi hadi uzi uguse tu ukingo wa mbele wa tairi ya nyuma. Tairi ya nyuma ina upana wa milimita 84, ya mbele 72, kwa hiyo mbele inapaswa kubaki nafasi ya milimita 6 kila upande.

Kushoto kuna 1. Kulia kuna 11. Gurudumu la nyuma linatazama kulia, linaipeleka nyuma ya pikipiki kulia, na pua inakwenda kushoto. Kaka amekuwa akiirudisha siku zote hizi.

Mnyororo uko kushoto na ulikuwa na ulegevu sahihi, kwa hiyo nimegusa upande wa kulia peke yake, nikaisogeza ekseli mbele chini ya milimita moja. Hiyo ndogo inatosha, kwa sababu pikipiki ni ndefu na kosa la nyuma linakuzwa hadi linapofika mbele. Sasa nyuzi zinasoma 5 na 7. Ninaiacha hivyo.

Foki pia nimezikagua. Nimeweka kipande cha kioo juu ya mabomba mawili, kati ya vibano. Kinakaa bila kucheza pembe kwa pembe, kwa hiyo hayajajipinda. Hapakuwa na kazi.

Barabarani, mzigo kilo 20 ndani ya sanduku, kilomita 85: haivuti kushoto, na ile kuogelea imebaki kama pumzi moja mwanzoni mwa kona, kisha inatulia. Nilisimama kando ya barabara nikashika tangi kwa furaha.

Jumapili, shokapu

Hiyo pumzi moja nimeitafuta leo. Marekebisho ya springi za nyuma: shokapu ya kushoto iko hatua ya kwanza, ya kulia iko hatua ya tatu. Mtu alizibadilisha upande mmoja akaacha. Na ya kushoto ina mafuta yaliyochanganyika na vumbi kwenye fimbo. Ukibonyeza kiti na kuachia, nyuma inapanda, inapita, inarudi tena. Shokapu nzima hupanda mara moja na kukaa.

Nimefunga jozi mpya. Ukibadilisha moja tu, mkono wa nyuma unapata mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili, na unajipinda kidogo kila unapopanda.

Kisha nimepima jinsi inavyozama. Nyuma ikiwa hewani, kipimo kutoka ekseli hadi alama kwenye fremu; kisha kaka akiwa amekaa na nguo zake za safari. Kabla ya jozi mpya ilizama milimita 34 kati ya 85 za mwendo wote, asilimia 40. Sasa ni 27, karibu asilimia 32. Kwa barabara, theluthi moja hivi ni mahali pazuri. Mbele ni 36 kati ya 120, asilimia 30, baada ya kusawazisha mafuta ya foki: mguu mmoja ulikuwa na mafuta pungufu.

Kuzama kwa nyuma kunabadilisha pia pembe ya shingo. Nyuma ikishuka milimita 30 kwenye pikipiki yenye urefu huu, shingo inalala nyuma kama digrii 1.3, na umbali kati ya pale mstari wa shingo unapogusa ardhi na pale tairi inapogusa unaongezeka milimita 8 hivi. Usukani unakuwa mzito kuingia kona na mbele inapungukiwa uzito. Anayeinua nyuma kupita kiasi hupata kinyume: usukani mwepesi, wa haraka, wenye woga.

Jioni, baada ya majaribio

Kilo 20, kilomita 85, kona ileile: imetulia. Kwenye kilomita 60 mafuta yakiachiwa bado kuna ule mnong'ono wa mabonde ya tairi ya mbele. Tairi mpya imeagizwa. Ikifungwa, nimemwambia kaka aendeshe taratibu kilomita 150 za mwanzo, asilale kwenye kona wala kukanyaga breki kwa ghafla, kwa kuwa uso wa tairi mpya huteleza hadi ukwaruzwe.

Nimemweleza pia la kufanya ikiwa usukani utamtikisikia siku yoyote akiwa kasi: asiukabe kwa nguvu, asivute breki ya mbele, abane tangi kwa magoti, ainamishe kifua mbele kidogo, apunguze mafuta taratibu. Ameniambia kwa kweli alikuwa akifanya kinyume cha yote hayo.

Mzigo mzito unahamia kwenye kiti, sanduku libaki na vitu vyepesi. Spoki za mbele nitazigonga tena baada ya wiki chache, kwa kuwa spoki zilizokazwa hivi karibuni hulegea zinapotafuta kukaa. Koni nitazipima siku hiyohiyo.